SOMO: TUSHIKE GODORO LA MWALIMU
Masomo: Marko 2:1-12, Wagalatia 6:6

Wapendwa, yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne. Mmoja peke yake asingemfikisha kwa Yesu. Mwalimu aliyepatwa na kiharusi anahitaji wengi pia: nauli ya Nakivale hadi Ruharo, dawa za presha kila siku, na mazoezi ya mkono, mguu na kusema kwa miezi mingi.

Sisi ni wakimbizi, lakini Wamakedonia nao walitoa katika umaskini wao (2 Wakorintho 8:2). Paulo hakubeba mchango ule peke yake, asije akalaumiwa. Basi fedha zihesabiwe na watu watatu, ziandikwe, zisomwe kanisani. Asiye na shilingi achote maji, apike uji, amsaidie mazoezi.

Swali la nyumbani: Familia yetu itashika pembe ipi?