Mzazi wa Kichina na Kiingereza cha mtoto nyumbani

Katika miji mikubwa ya Uchina, Kiingereza huingia nyumbani kabla hakijaingia kalasi. Tangu 2001 serikali ilielekeza shule zikifundishe kuanzia mwaka wa tatu wa msingi, lakini wazazi wengi hawangoji mwaka huo. Wanajua kinachokuja mbele: katika gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, lugha ya kigeni hubeba alama 150, sawa na Kichina na hesabu, na katika majimbo mengi alama zote ni 750. Mtoto wa miaka minne akiambiwa aseme "apple" mbele ya wageni, tayari anatayarishwa kwa mtihani wa miaka kumi na minne ijayo.

Hadi 2021 aliyekuwa na pesa aliweza kununua msaada. Kampuni kama VIPKid ziliwaunganisha watoto na walimu wa Marekani na Kanada kwa njia ya intaneti. Julai 2021 ikatoka sera iitwayo shuangjian, yaani kupunguza mizigo miwili: kazi za nyumbani na masomo ya ziada ya kulipia. Sera hiyo ilikataza masomo ya lugha za kigeni ya kulipia kwa watoto wasiofikia umri wa shule, ikakataza pia kuajiri walimu wa kigeni wanaofundisha wakiwa nje ya nchi. Gaokao haikuguswa. Mzigo ukabaki mikononi mwa mzazi, mara nyingi mama.

Naye ana nini mikononi? Wengi wa kizazi chake walijifunza Kiingereza kwa kukariri msamiati na kanuni za sarufi. Wanasoma vizuri, kusema kunawashinda. Isimu inaeleza sehemu ya ugumu huo. Silabi ya Kichina sanifu haikubali kufungwa na konsonanti yoyote isipokuwa n na ng, pamoja na r katika matamshi ya kaskazini. Kwa hiyo neno kama "desk" hutafutiwa irabu za kulisaidia, jinsi sisi tulivyolitendea neno "classe" hata likawa kalasi. Sauti ya kwanza ya "thank" haimo katika Kichina, mara nyingi hugeuka s. Wachina wenyewe wanalicheka jambo hili: "thank you" wanaiandika kwa herufi tatu zisomwazo sān kè yóu, ambazo maana yake ni tatu, gramu, mafuta.

Basi mzazi anaogopa kumharibia mtoto matamshi, ananyamaza, anaiachia televisheni au simu iseme. Naona hapo anatoa kitu chenye thamani kubwa kuliko anachopokea. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, kule Seattle, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na watu wanaosema Kichina, vipindi 12. Makundi mengine yalipata Kichina hichohicho kwa video au kwa sauti tu. Waliokuwa na mtu mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video na wa sauti hawakujifunza. Jaribio hilo lilihusu sauti na watoto wachanga, kwa hiyo tusilibebeshe zaidi ya uwezo wake. Lakini linatosha kutilia shaka simu inayoachwa peke yake na mtoto.

Kuna tabia nyingine ninayoiona kuwa na hasara, nayo ni ya wazazi wenye bidii: kuuliza majina. Hiki ni nini kwa Kiingereza? Na hiki? Mtoto anajibu neno moja, mazungumzo yanakufa. Mzazi huyohuyo angefungua kitabu cha picha, akaacha rekodi isome Kiingereza, kisha akazungumza na mtoto kwa Kichina: kwa nini sungura amejificha, wewe ungefanya nini? Jim Cummins alieleza mwaka 1979 kwamba uwezo unaojengwa katika lugha ya kwanza unasaidia lugha ya pili. Kusimulia, kupanga sababu, kukisia kitakachofuata, hayo yote mama anaweza kuyafundisha kwa lugha anayoimiliki.

Ila lugha hiyo ni ipi? Shanghai bibi husema Kiwu. Chengdu husema lahaja ya Sichuan. Shuleni ni Putonghua, ambayo Katiba ya 1982 inaitaka serikali iieneze. Kiingereza kikija juu ya hayo, saa za jioni haziongezeki, na anayeambiwa kwanza apunguze maneno yake ni bibi. Tena kijijini kuna mamilioni ya watoto wanaolelewa na bibi na babu huku wazazi wakifanya kazi mijini. Kwa familia hizo ushauri wote unaoanza na "mzazi amsomee mtoto" hauna wa kuutekeleza.

Msomaji wa Lubumbashi atafikiria haraka wazazi wetu wanaomsemesha mtoto Kifaransa na kukiweka Kiswahili nje ya mlango. Ufanano upo, lakini Kifaransa mtoto wetu atakikuta shuleni, ofisini na redioni. Mtoto wa Chengdu akitoka nje hakuti mtu wa kumjibu kwa Kiingereza, ndiyo maana sebule inabebeshwa kazi yote.

Anayetaka kuandika memwari juu ya sera ya lugha katika familia, huko au hapa, asitegemee karatasi ya maswali peke yake. Bernard Spolsky ametufundisha kutenganisha mambo matatu: watu wanavyosema, wanavyoamini, na wanavyojaribu kuwasimamia wengine. Karatasi inakusanya imani. Kwa yale yanayosemwa hasa, aombe ruhusa ya familia, aweke kinasa sauti mezani wakati wa chakula, kisha ahesabu ni mara ngapi mtoto alianzisha mazungumzo yeye mwenyewe, kwa lugha ipi, na ni nani aliyemjibu.