SOMO: HESABU YA SHAMPENI YA KUAGANA

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii ni la hesabu, nasi tumelipata kwa aibu. Tawi letu, katika mashamba ya chai upande wa Fort Portal, Uganda, lilichanga fedha za kuwaaga wenzetu waliostaafu. Kila mtu alitoa sawasawa, dereva na mchuma chai. Ikakubaliwa kwamba baada ya hotuba tuinue glasi za mvinyo wa mapovu na kuwatakia heri. Wengi huuita shampeni, ingawa kwa haki jina hilo ni la mvinyo wa Champagne, Ufaransa. Wetu ulikuwa wa bei ndogo, na kazi ni ile ile.

Watu walikuwa 120. Tukatoa 45 wasiokunywa pombe, wakabaki 75. Mwenye duka alituambia chupa moja hutoa glasi 8. Tukagawa 75 kwa 8, tukapata 9 na kitu, tukanunua chupa 10. Vijana wa kumimina walianzia meza kuu, wakajaza kama wajazavyo bia. Chupa zote zikaishia kwa mtu wa 50. Watu 25 waliokaa nyuma, karibu wote wachuma chai, walisimama na glasi tupu. Mama mmoja alituuliza kama mchango wake ulikuwa wa kusikiliza hotuba tu. Hatukuwa na jibu.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Ukitaka glasi 8, kila mtu apate chini ya mililita 94, na lisimwagike hata tone. Vijana wetu walimimina mililita 150, yaani glasi 5 kwa chupa. Kwa kuinua glasi mara moja, mililita 100 zatosha. Kwa hesabu ya karatasi ni glasi 7 na nusu, lakini povu nalo hudai sehemu yake na mikono hutetemeka, basi hesabuni 6. Gawa 75 kwa 6: ni 12 na nusu, yaani chupa 13. Ongezeni 1 ya akiba, ziwe 14.

Msituamini sisi wala mwenye duka. Chukueni chupa tupu ya mililita 750, ijazeni maji, mmimine katika glasi zile zile mtakazotumia, mhesabu. Wamiminaji wawepo, waone kipimo kwa macho, na siku yenyewe waanzie nyuma.

Mvinyo uwe baridi sana, kwa maana ukiwa na joto hutoka wote kwa povu. Mimina kidogo, ngoja povu litulie, kisha ongeza. Kizibo kishikwe kwa kitambaa, chupa isielekezwe kwa mtu: nguvu iliyomo ndani hupita mara mbili ile ya gurudumu la gari, na jicho halinunuliwi.

Wale 45 nao wainue glasi. Soda ya mililita 300 hutoa glasi 3, hivyo chupa 15. Kreti moja ya 24 inatosha na kubaki.

Kabla ya kulipa, mwulizeni mwenye duka kama atapokea chupa isiyofunguliwa. Akikubali, aandike kwenye risiti mbele ya mweka hazina.