Taya la mtoto: tuanze sasa au tungoje?

Swali: Daktari, binti yangu wa miaka 8 ana meno ya juu yaliyotokeza mbele. Nimeambiwa avae kifaa cha kusukuma taya la chini. Nikubali? – Mama, Kitengela

Jibu: Mama, hakuna haraka. Kifaa hicho huwa vipande viwili vya plastiki ngumu. Mtoto akiuma, miteremko yake hukutana na kulipeleka taya mbele. Huvaliwa mchana na usiku, na hufaa zaidi anaporefuka kwa kasi, kwa wasichana karibu miaka 11 au 12. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabadiliko ni meno kuinama. Taya lenyewe huongezeka milimita chache tu. Sababu nzuri ya kuanza mapema ni kuyakinga meno ya mbele yasivunjike akianguka, au ikiwa anachekwa sana shuleni.

Lakini kama meno ya chini yanatangulia ya juu, au taya la juu ni jembamba, usingoje.

Kabla ya kulipa, mwone bingwa wa kupanga meno. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya meno.