Mkate Uliowadhuru Watoto

Mkate wa ngano ni chakula cha kila siku katika nchi nyingi za Ulaya, kama ugali ulivyo kwa watu wa bara na wali kwa watu wa pwani. Kwa sababu hiyo haikuwapitia watu akilini kwamba mkate waweza kumwua mtoto. Hata hivyo, palikuwa na watoto, wengi wao wa umri wa mwaka mmoja hata mitano, waliokonda mikono na miguu huku tumbo likivimba kama ngoma. Choo chao kilikuwa kingi, cheupe, chenye mafuta na harufu mbaya. Walilia-lia mchana kutwa, hawakutaka kucheza, wala hawakukua. Wazazi wao waliwalisha kwa bidii, na kadiri walivyowazidishia mkate na uji wa ngano, ndivyo watoto walivyozidi kudhoofika. Wengi walikufa. Ugonjwa huu leo huitwa seliaki, jina lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo.

Mwaka 1888 tabibu mmoja wa London, Samuel Gee, aliandika habari za ugonjwa huo. Alisema kwamba ikiwa mgonjwa aweza kuponywa kabisa, ni kwa chakula chake. Neno hilo lilikuwa kweli. Lakini ni chakula gani? Gee aliukataza wali, akaruhusu mkate uliokatwa vipande vyembamba na kuchomwa vizuri pande zote mbili! Alipata kumwona mtoto aliyelishwa kila siku lita moja hivi ya kome wa Uholanzi, naye akastawi ajabu. Majira ya kome yalipokwisha, akaugua tena. Majira yaliyofuata, mtoto hakushawishika kuwala tena. Ni nani atakayemlaumu?

Baada ya miaka mingi, katika mwaka 1924, Sidney Haas wa New York alitoa habari za watoto kumi. Wanane aliwalisha ndizi mbivu nyingi pamoja na vyakula vingine vichache, akawakataza mkate, viazi na nafaka zote. Hao wanane walipona. Wawili ambao hawakulishwa hivyo walikufa. Basi ndizi zikapata sifa kubwa, na watu wakadhani zina nguvu za dawa. Haas aliokoa maisha ya watoto, ila sababu hakuipata. Faida haikutoka katika ndizi walizokula, bali katika mkate waliouacha.

Aliyegundua jambo hilo ni Willem Karel Dicke, tabibu wa watoto katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi. Mara nyingi husimuliwa kwamba njaa ya vita ndiyo iliyomfundisha, lakini sivyo ilivyokuwa. Tangu kabla ya vita alikuwa akiushuku mkate, na katika mwaka 1941 alikwisha andika habari za kuwalisha wagonjwa pasipo mkate. Kisha ikaja baridi ya mwaka 1944 na 1945. Majeshi ya Wajerumani yalizuia chakula kisifike miji ya magharibi, na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Maelfu walikufa kwa njaa. Yasimuliwa kwamba katika siku hizo za dhiki, watoto wa seliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi, ugonjwa wao ukarudi nao.

Dicke hakuridhika na masimulizi. Pamoja na wenzake alijaribu vyakula kimoja kimoja kwa muda mrefu: mtoto yule yule alipewa ngano, kisha akaondolewa ngano na kupewa nafaka nyingine, huku akipimwa uzito, na mafuta ya choo chake yakipimwa pia. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake katika chuo kikuu cha Utrecht. Ngano na rai zilidhuru; mchele na mahindi havikudhuru.

Kitu kinachodhuru huitwa gluteni. Ukitaka kukiona, kanda donge la unga wa ngano, kisha lioshe polepole katika maji. Weupe wote utatoka, na mkononi patabaki kitu chenye kunata na kunyumbuka kama mpira. Hicho ndicho kishikacho chapati isikatike inaposukumwa. Utumbo wa mtu mzima wa afya umejaa ndani vinyuzi vidogo mno, kama manyoya ya zulia, vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa wa seliaki, gluteni huufanya mwili upigane na utumbo wake wenyewe, na vinyuzi vile hulala na kupotea. Hapo mtoto hula na kushiba, lakini chakula hupita tu. Akiiacha gluteni, vinyuzi huota tena.

Kuiacha ni kwa maisha yote, wala haitoshi kupunguza. Chapati, maandazi, sambusa na tambi huondoka. Hubaki ugali wa mahindi au mtama, uji wa ulezi, wali, muhogo, viazi, ndizi, maharagwe, samaki, nyama, mayai na maziwa. Mtoto wa nchi hizi hakosi cha kula. Hata siku ya sikukuu viko vitumbua na mkate wa kumimina, maana hivyo ni vya mchele, mradi mpishi asitie unga wa ngano ili vishikane. Sharti aangalie pia mashine ya kusagia: ikiwa imetoka kusaga ngano, unga wa mahindi utakaofuata umekwisha changanyika.

Lakini si kila tumbo linaloharisha lina seliaki. Wako wazazi ambao kwa kubahatisha tu humkataza mtoto maziwa, mayai, samaki na nafaka, hata akakonda kwa kukosa chakula. Anayeshuku ngano na ampeleke mtoto kwa tabibu kwanza, angali akila mkate. Akiisha kuuacha muda mrefu, huenda kipimo cha damu kisionyeshe kitu, nao ugonjwa upo.