Pikipiki ya Chama Katika Ukaguzi



Pikipiki yetu kuukuu ilipelekwa kukaguliwa, nayo ikakataliwa. Taa ya nyuma haikuwaka: magunia ya karafuu yaliukwangua waya hata ukakatika. Kosa hilo hatukuliona, maana mpandaji taa hiyo huipa mgongo.

Lakini lililotutisha ni breki. Kama yenu ina mshale mdogo penye mkono wa breki ya nyuma, kanyageni breki mtazame. Mshale ukifikia alama, viatu vya breki vimekwisha, na kukaza nati hakufai tena. Sisi tulikuwa tukikaza tu! Kisha inueni gurudumu la mbele, mshike shokapu mzitikise. Zikicheza, beringi za usukani zimelegea. Zetu zilicheza, nasi tumeteremka nayo vilima vya Pemba msimu mzima, gunia nyuma.