Matembezi ya Miguu Katika Pwani ya Kusini

Watu wengi wa Pwani hudhani kwamba kutembea kwa ajili ya kuitazama nchi ni kazi ya wageni waliokuja kwa ndege. Mwenyeji huvuka kivuko cha Likoni, hupanda matatu, hushuka Ukunda au Msambweni, hutimiza shughuli yake, kisha hurudi. Miaka ishirini hupita, naye hajapata kuuona msikiti wa kale ulio karibu na njia yake, wala msitu walimokaa wazee wa zamani. Somo letu ni kuonyesha kwamba mtu mwenye nauli ya matatu na viatu imara aweza kuijua nchi yake vizuri. Tena, kutembea huko kuna faida kubwa kuliko kuburudisha moyo, maana njia ya miguu huishi kwa kupitwa.

Barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga ni kama uti wa mgongo. Hupita Ng'ombeni, Waa, Kombani, Tiwi, Ukunda, Gazi na Msambweni. Njia ndogo zishukazo baharini au zipandazo vilimani ni kama mbavu zake. Msafiri hana haja ya gari lake mwenyewe. Yampasa kumwambia utingo mapema mahali atakaposhuka, na kuuliza matatu ya mwisho ya kurudi hupita saa ngapi.

MATEMBEZI YA KWANZA: MSIKITI WA KONGO

Shuka Ukunda, ushike njia ya Diani hadi karibu na bahari, kisha uelekee kaskazini. Utafika mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo, katikati ya mibuyu mikubwa, umesimama Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na hata leo watu huswali ndani yake. Vua viatu, vaa mavazi ya heshima, na uombe ruhusa kabla ya kuingia.

Mwenye kutaka kupita ufukoni hana budi kuyajua maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa 4 au saa 5 ya asubuhi, nao ndio wakati mwema wa kutembea mchangani. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Na mwenda kwa miguu akumbuke pia kwamba yakipwa hujaa, asije akakwama baina ya bahari na ukuta wa mtu.

MATEMBEZI YA PILI: KAYA KINONDO

Kutoka Ukunda shika tena njia ya Diani, ila safari hii uelekee kusini, kupita Galu, hadi Kinondo. Njiani tazama juu ya miti; huenda ukaona mbega, na pengine ukaona kamba zilizofungwa juu ya barabara ili wanyama hao wavuke pasipo kugongwa na magari.

Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo. Kaya zilikuwa vijiji vyenye maboma vya Wamijikenda, vilivyoanza kujengwa msituni tangu karne ya 16. Watu wakahama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 hakuna waliobaki wakikaa ndani. Lakini makaburi na mahali pa kuombea palibaki, na wazee wakaendelea kuvitunza. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliingiza misitu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kinondo ni mmoja wao.

Hapa haifai mtu kuingia peke yake. Utaongozwa na mwenyeji, nawe utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na kuvua kofia. Hutaokota jani, wala tawi, wala jiwe, na utasema kwa sauti ya chini. Mgeni aweza kufikiri kwamba haya ni mambo ya desturi tu. Na atazame pande zote mbili za mpaka: nje ya msitu kuna viwanja, majumba na mashamba, ndani kuna miti mikubwa iliyokwisha toweka mahali pengi pa pwani. Miti hiyo haikulindwa na seng'enge, bali na neno la wazee na utii wa watu.

MATEMBEZI YA TATU: GAZI

Kabla ya kufika Msambweni, shuka penye njia panda ya Gazi, utembee hadi kijijini. Wanawake wa Gazi wametengeneza njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, hata mtu asiyezoea matope aweza kujifunza kuutambua mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, na mchu ambao mizizi yake huchomoza kama vidole.

Mikoko huyazuia mawimbi yasile pwani, na katika mizizi yake samaki wadogo hupata maficho. Tena huizika hewa ya ukaa katika matope. Kwa sababu hiyo wenyeji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wakilinda hekta 117. Fedha zipatikanazo kwa kazi hiyo zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo.

MATEMBEZI YA NNE: VILIMA VYA SHIMBA

Matatu ya Kwale huiacha barabara kuu pale Kombani na kupanda vilimani, ambako upepo ni baridi kuliko wa pwani. Ng'ambo ya mji wa Kwale liko lango la Hifadhi ya Shimba, iliyotengwa mwaka 1968, makao ya palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma. Kuna ndovu na nyati humo. Basi pasipo askari wa wanyamapori, usiende kwa miguu hata hatua moja. Pamoja naye waweza kushuka hadi Maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 20 na zaidi.

NJIA NI YA NANI?

Huko Uingereza watu wa mijini hupanda basi siku ya mapumziko, hushuka kijijini, hutembea kupitia mashamba ya watu, na mwenye shamba hawezi kuwazuia wakiifuata njia. Haki hiyo haikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi, wengi wao wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi. Watu watano walitiwa gerezani. Mwaka 1949 sheria ilitungwa, nayo iliziagiza halmashauri kuchora katika ramani njia zote ambazo watu wana haki ya kuzipita.

Jambo hili latuhusu sana. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Lakini haki ya kukanyaga mchanga yamfaa nini mtu asiyekuwa na njia ya kuufikia? Mahali pengi pa pwani, kuta za viwanja zimepakana hata vichochoro walivyopita wavuvi vimekuwa vyembamba, au vimezibwa kabisa. Njia isiyopitwa na mtu huota majani, kisha husahauliwa, kisha mtu huja kusema haikuwapo. Hapo ndipo mtembeaji anapokuwa shahidi. Akiona njia imezibwa, asivunje ukuta. Na apeleke habari kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi ya kaunti, akitaja mahali, siku, na watu waliozoea kupita.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Chukua maji ya kunywa na kofia. Usiende peke yako. Ukikuta wazee, wape shikamoo kabla ya kuuliza njia. Ukifika uani kwa mtu, piga hodi. Chukua mtoto mmoja pamoja nawe, maana njia aliyoipita mtoto hukumbukwa miaka hamsini.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Karibu na kituo chako cha matatu kuna njia gani ishukayo baharini, kisimani au msituni? Ni nani aliyekuonyesha?
2. Bamvua ijayo itakuwa siku gani?
3. Kwa nini miti ya Kaya Kinondo ingali imesimama?
4. Njia uliyoipita ulipokuwa mdogo, je, yapitika hata leo? Nenda ukatazame.