Dawa ya Siri na Tabibu wa Barua

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu, kujitibu si jambo lililokatazwa. Usama bin Sharik amepokea kwamba mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba hapana maradhi ila Mungu ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii wameitoa Abu Daud na Tirmidhi. Basi maneno yetu katika darasa hii hayahusu dawa kwa jumla. Yahusu dawa ambayo muuzaji wake ameficha yaliyomo ndani yake, na tabibu asiyemwona mgonjwa wala mgonjwa hamwoni yeye. Mambo mawili haya yalienea sana katika zama za ukoloni, na hukumu zake zimo katika vitabu tunavyovisoma. Yatupasa tuzijue, kwani mlango ule haujafungwa.

FASILI YA KWANZA: DAWA YA SIRI

Waingereza waliziita dawa hizi kwa jina lenye maana ya dawa za hati, yaani hati ya mfalme impayo mvumbuzi haki ya kuuza peke yake. Lakini jina halikuafikiana na mambo yalivyo. Atakaye hati ya uvumbuzi sharti aeleze alichokivumbua, na wauzaji hawa hawakutaka kueleza. Wengi wao hawakuwa na hati yoyote. Walikuwa na jina la dawa na umbo la chupa, basi. Tena tangu mwaka 1783 serikali ya Uingereza ilizitoza dawa hizi ushuru, na stempu ya ushuru hubandikwa juu ya kasha. Wako wanunuzi waliodhani kuwa stempu ile ni ushahidi wa serikali kwamba dawa ni njema, kumbe ni alama ya kodi iliyolipwa. Ushuru huo haukuondolewa ila mwaka 1941, kwa sheria ile ile iliyowalazimisha wauzaji kutaja yaliyomo ndani ya dawa zao.

Mwaka 1909 Chama cha Matabibu wa Uingereza kilitoa kitabu kinachoeleza yaliyoonekana katika dawa za siri baada ya kupimwa, na gharama yake. Vidonge vya Beecham vilikuwa vikisifiwa katika matangazo kwamba kasha moja lina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21. Vilipopimwa vikaonekana ni shubiri, tangawizi na sabuni. Kasha la vidonge 56 liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu, na bei ya vitu vilivyomo ilikaribia thumuni ya peni. Mwenye hesabu na apige hesabu: ni zaidi ya mara mia. Shubiri huharisha, hilo ni kweli, wala hatuikanushi. Lakini ni nani katika pwani yetu asiyeijua shubiri na bei yake sokoni? Fedha iliyozidi ilikuwa ni thamani ya siri.

Na haya ni mepesi. Huko Marekani iliuzwa dawa ya maji kwa ajili ya watoto waotao meno, jina lake Mrs. Winslow's Soothing Syrup, na ndani yake mlikuwa na mofini, itokayo katika afyuni. Mama alimnywesha mwanawe apate kunyamaza, naye akanyamaza. Na wako walionyamaza wasiamke tena. Mama hakujua, kwani karatasi ya chupa haikumwambia. Mwaka 1906 ilitoka sheria ya kuwalazimisha wauzaji waandike juu ya chupa kiasi cha kileo, afyuni, mofini na vinginevyo kama hivyo. Mwaka 1911 matabibu wa Marekani waliitaja dawa hii waziwazi katika orodha ya dawa ziuazo watoto wachanga.

FASILI YA PILI: TABIBU WA BARUA

Katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, palikuwa na mwanamke aitwaye Lydia Pinkham, aliyeanza kuuza dawa yake ya wanawake mwaka 1875. Matangazo yaliwaalika wanawake wamwandikie Bibi Pinkham barua na kumweleza maradhi yao ya ndani, naye atawapa shauri. Bibi huyo alifariki mwaka 1883. Matangazo yakaendelea kuwaalika wamwandikie Bibi Pinkham, na majibu yakaendelea kutoka, hata mwaka 1905 gazeti la Ladies' Home Journal likachapa picha ya kaburi lake, ili watu wasome wenyewe mwaka wa kufa kwake. Na ile dawa yake ilikuwa na kileo kadiri ya asilimia 18.

Huko Uhindi posta ilianzisha mwaka 1877 utaratibu wa kupeleka kifurushi na kupokea thamani yake kwa yule anayekabidhiwa. Kwa njia hii muuzaji wa dawa aliye Bombay au Lahore aliweza kumfikia mtu wa kijijini asiyemjua wala hatamjua. Jambo hilo halikuwa mbali nasi, kwani posta ya Unguja yenyewe ilikuwa chini ya posta ya Uhindi hata mwaka 1895. Matangazo mengi ya namna hii yaliwasemesha wanaume juu ya udhaifu wa nguvu zao, jambo ambalo mtu huona haya kumwambia tabibu uso kwa uso. Haya ya mgonjwa ndiyo rasilimali ya tabibu wa barua. Ndiyo maana India, baada ya kujitawala, ilitunga sheria mwaka 1954 ya kukataza matangazo yanayoahidi kuponya maradhi fulani fulani au kuzidisha nguvu za unyumba.

FASILI YA TATU: HUKUMU

Mas'ala ya kwanza ni ya kuuza na kununua. Katika sharti za mauzo ni kwamba kinachouzwa kijulikane. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu kisichoonekana. Akisema msemaji: Je, haiwi salam, yaani kutanguliza fedha kwa kitu kilichosifiwa? Twamjibu: Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba salam haisihi katika vitu vilivyochanganywa ambavyo kadiri ya kila kimoja haidhibitiki, na akataja katika mifano yake maajuni na tiryaki iliyochanganywa. Tazama, ewe ndugu yangu, jinsi wanavyuoni walivyoitaja dawa ya mchanganyiko kwa jina lake, karne nyingi kabla ya chupa hizi.

Mas'ala ya pili ni ya kileo. Tembo safi au mvinyo safi haijuzu kuwa dawa. Ama kilichochanganywa na dawa nyingine hata kikapotea ndani yake, wanavyuoni wetu wamekijuzisha kwa sharti: isipatikane dawa tohara ya kutosha badala yake, na mtu awe ajua hayo mwenyewe au ameambiwa na tabibu mwadilifu. Basi asiyejua kilichomo katika chupa atatimizaje sharti hizi? Aliyeificha dawa amemfungia Mwislamu mlango wa kuijua halali yake.

Mas'ala ya tatu ni ya dhamana. Imepokewa kwa Abu Daud na wengineo kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara yatokeayo. Lakini mtu wa barua utamshika wapi? Anwani yake ni sanduku la posta. Kwa ajili hiyo jihadhari kabla ya kumeza, kwani baada ya kumeza dhamana i juu yake na hasara i juu yako.

FASILI YA NNE: SHAKA NA JAWABU YAKE

Huenda mtu akasema: Fulani aliitumia akapona, na barua za waliopona zimechapwa gazetini. Jawabu yake ni kwamba maradhi mengi huondoka yenyewe kwa idhini ya Mungu, na dawa iliyokuwa karibu hupewa sifa. Na barua za shukrani huandikwa na waliopona; aliyekufa haandiki barua. Wala muuzaji hachapi malalamiko ya aliyebaki na ugonjwa wake na mkoba mtupu.

KHATIMA

Tusidhani kwamba mashaka haya ni ya mgeni peke yake. Yanayosemwa juu ya chupa yake yasemwe pia juu ya kombe na hirizi ya mwenyeji ikiuzwa kwa siri na kwa ahadi. Ujira wa kumsomea mgonjwa una asili katika hadithi ya Abu Said al-Khudri, lakini sahaba wale walimwendea mgonjwa wakamwona, na walichokisoma kilikuwa Fatiha, ijulikanayo na kila mtu. Leo barua imeondoka na simu imeshika mahali pake, na matangazo ni yale yale.

Basi kila ikujiapo dawa, uliza mambo matatu: Kuna nini ndani yake? Nani ameitoa, na anajulikana kwa elimu gani? Je, ameniona mimi na ugonjwa wangu? Likikosa jawabu moja katika haya, rudisha chupa uhifadhi fedha yako, uende kwa tabibu ajulikanaye, wala usione haya. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta imelowa ndani, akamkemea mwenyewe kwa kuficha, akasema kuwa mwenye kughushi hana nafasi kwake. Nasi tutie mkono kabla ya kununua.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na ya dini. Amin.